Gari Haifi Mpaka Mwenyewe Aseme

Watu wa Kibuye, hapa Kisumu, walimwita Mzee wa Spea, na jina lenyewe halikuwa la haki, maana miaka yote niliyokaa karibu naye sikumwona akiuza spea. Ukienda kwake na pesa mkononi ukasema, "Mzee, naomba uniuzie kabureta," alikuangalia kama mtu aliyeulizwa bei ya mtoto wake.

"Hapa si duka. Nenda huko mjini, wanauza."

Kama ulikuwa na akili ya kusimama palepale bila kujibu, baada ya muda aliuliza, "Gari gani?" Hapo sasa ndipo mazungumzo yalianza.

Mimi nashona viti vya magari. Kibanda changu na uwanja wake vilitenganishwa na ukuta wa mabati, na mabati yenyewe yalikuwa na matundu ya misumari ya zamani. Kwa hiyo mengi niliyaona, mengine niliyasikia kupitia hayo matundu, na yale niliyohadithiwa nitasema nimehadithiwa. Sikusoma sana, niliishia darasa la saba, na najua mwingine angeipanga habari hii vizuri kuliko mimi. Lakini aliyekaa naye ukuta kwa ukuta tangu miaka ya themanini, Moris Maina na Anglia zikiwa bado zinapita barabarani watu wakigeuka kuziangalia, ni mimi. Yeye hakuniita kwa jina. Aliniita Nyar Seme, binti wa Seme, kwa sababu nilizaliwa huko.

Kazi iliyomlisha ilikuwa kutengeneza vinu vya posho na pampu za maji. Hiyo alilipwa. Magari ya zamani yalikuwa kitu kingine, na hata leo sijui nikiite nini. Kulikuwa na kikundi kidogo cha watu mjini waliopenda magari ambayo hayatengenezwi tena. Hawakuwa matajiri. Walikuwa tu watu wenye ugonjwa mmoja, kama alivyosema Bwana Mikate, Mwislamu wa Kaloleni aliyeoka mikate na kuisambaza kwa Anglia ya rangi ya maziwa.

"Wengine wana pombe," alisema Bwana Mikate, "wengine wana wanawake. Sisi tuna hizi. Na huyu mzee ndiye anatuuguza."

Kuuguza ni neno zuri, maana ile nyumba ndefu ya mabati alimoweka vyuma vyake mzee aliiita wodi. Vyuma havikuwa chini. Vilining'inia kwenye dari kwa waya: dinamo, stata, radieta, vikombe vya taa, sukani, milango mizima. Ukiingia ulipaswa kuinama, na usipoinama uliadhibiwa kichwani. Kila chuma kilifungwa kipande cha kitambaa, na vitambaa vilitoka kwangu.

"Nyar Seme, una makombo?" aliniuliza mlangoni siku ya kwanza. Makombo yake ni vile vipande vinavyobaki nikikata viti.

"Ya nini, Mzee?"

"Karatasi inakulwa na oili."

Vya bluu vilikuwa vya Usenge. Vya maua vilikuwa vya Luanda Kotieno. Vya manjano vilikuwa vya Asembo. Chuma kikitoka boma fulani kilifungwa rangi ya huko, na ndani ya rangi moja alitofautisha boma na boma kwa fundo alivyolifunga. Nilipomuuliza kwa nini anajisumbua, aliniambia, "Nikimpa mtu dinamo namwambia, hii ilikuwa ya mwalimu mmoja wa Usenge, aliendesha polepole, alikuwa anaimba akiendesha. Mtu akijua chuma kimetoka kwa nani, hawezi kukitupa ovyo." Sikuwa na hakika kama ni kweli. Nilimwona mtu mmoja akikitupa ovyo. Lakini ni mmoja tu niliyemwona, na nisimsahau yule aliyekirudisha kimefungwa kwenye shuka safi.

Ulipotaka kitu, sharti lake la kwanza lilikuwa, "Leta maiti." Yaani ulete kile chuma chako kilichoharibika. Hakukupa kipya, kwa maana ya kipya chake cha zamani, kabla ya kuona kilichokufa. Alikiweka juu ya jiwe bapa, akakinusa, akakigonga kwa spana, halafu akakisogeza sikioni kama mtu anayesikiliza redio iliyoishiwa na betri.

Kulikuwa na sista wa hospitali, mama mmoja mchangamfu aliyekwenda zamu zake kwa Moris. Alileta sahani ya klachi imefungwa kwenye gazeti.

"Nani anaendesha?" mzee aliuliza.

"Si mimi."

"Mguu wako unalala juu ya klachi."

"Aa, Mzee! Nani amekuambia?"

"Hii imeniambia. Wewe unaendesha kama mtu amekanyaga nyoka, anaogopa kuachilia."

Sista alicheka mpaka kofia yake ikaanguka. Aliporudi zamu nyingine alisema ni kweli, sasa anauona mguu wake mwenyewe ukilala pale. Mimi jambo hilo lilinikaa kichwani. Siku moja mzee akiwa hayupo niliingia wodini nikachukua chuma kimoja nikakigonga, nikakiweka sikioni. Sikusikia kitu. Labda sikuwa na subira, labda hakuna cha kusikia na mzee alisoma mikwaruzo kwa macho tu, sikio likiwa la maonyesho. Na lazima niseme kwamba mara nyingine alikosea. Alimwambia Bwana Mikate kwamba anabebesha Anglia mzigo mzito. Bwana Mikate akaapa kwa Mungu wake kwamba mkate hauna uzito, aliyebebesha ni mwenye gari wa kwanza, aliyebeba saruji. Mzee hakuomba msamaha. Alisema, "Basi na wewe hukuliuliza ulipolinunua."

Alikuwa mpole kwa chuma na mkali kwa watu, hilo haliwezi kufichwa. Nati iliyoshikwa na kutu aliilowesha dizeli, akaiacha, akarudi kesho, akailowesha tena, akiiambia kwa Dholuo taratibu, taratibu. Lakini mtu akichelewa kidogo kumshikia taa alisikia matusi. Alisema kutu haili chuma, inakula uvivu wa mtu. Alisema chuma hakina haraka, halafu yeye mwenyewe hakuweza kungoja chai ipoe, aliimwaga nusu nje kila siku, mbele yangu mimi niliyeipika. Ukimshukuru alikasirika. Usipomshukuru alinuna kwa wiki.

Na alikuwa na ubaguzi wake. Alikuja kontrakta mmoja aliyetaka sahani ya chuma ya mbele ya Moris, ile yenye nembo, aitundike sebuleni. Mzee akamwambia hana. Ilikuwa inaning'inia juu ya kichwa cha kontrakta wakati huohuo. Nilipomwambia baadaye kwamba huo ni uongo, alisema, "Gari si picha ya ukutani." Nilifikiri juu ya hilo. Uongo ni uongo. Lakini pia ile sahani baadaye ilikwenda kwenye gari la sista, na ilipendeza.

Sasa nije kwa lile jambo lake kubwa, maana bila hilo mtu hawezi kumwelewa.

Vyuma alivitafuta mabomani, kando ya ziwa. Zamani watu waliokuwa na kazi Kisumu au Nairobi au ng'ambo huko Uganda walinunua magari, wakastaafu, wakarudi nayo nyumbani, na huko yakasimama. Kila lokesheni ilikuwa na yake, moja nyuma ya ghala, lingine kando ya zizi, kuku wakitaga kwenye kiti cha nyuma. Mzee aliyajua yote. Alikwenda kwa baiskeli, au kwa Anglia ya Bwana Mikate Jumapili ikiwa hakuna mikate ya kupeleka. Alipofika hakutaja spea. Aliamkia, akanywa uji, akaulizwa habari za mjini, halafu akaomba kuliona gari. Akalizunguka. Mwishowe alisimama mbele ya mwenye gari na kumwambia:

"Sema."

"Niseme nini?"

"Kwamba imekufa."

Watu walicheka kwanza. Kisha wakanyamaza. Sijui kama nitaweza kueleza ule unyamavu, nimeushuhudia mara chache tu. Mtu mzima anaangalia gari lisilo na tairi, lisilo na kioo, na neno halitoki. Kule Luanda Kotieno kulikuwa na mzee ambaye mpera ulikuwa umeota ndani ya gari lake ukatokea kwenye tundu la taa, na ulikuwa unazaa. Aliambiwa aseme. Akasema, "Imelala tu."

"Basi ilale salama," Mzee wa Spea alijibu, akachukua kofia yake.

Njiani Bwana Mikate alipiga sukani kwa kiganja. "Mzee, haki ya Mungu! Mti unazaa ndani ya injini!"

"Mwenyewe hajasema."

"Mapera nimekula mimi mwenyewe!"

"Yalikuwa matamu?"

"Matamu."

"Basi tumepata kitu."

Kwa nini alitaka lazima mwenyewe aseme? Nilimuuliza, akaniambia, "Chuma cha kuibwa hakikai." Nilimuuliza tena mwaka mwingine, akasema ni heshima tu. Bwana Mikate ana hadithi yake, na yeye hupenda kuongeza chumvi, lakini naiandika. Anasema zamani huko Usenge kijana mmoja alimwambia mzee, "Gari ya baba imekufa, toa unachotaka." Baba alikuwa amekwenda Musoma kufanya kazi na watu walikuwa wamekata tamaa ya kumwona. Mzee akatoa. Akagawia wenzake. Halafu siku moja mtu mwembamba akasimama mlangoni pa wodi, amevaa koti, akasema bila ugomvi wowote, "Nimekuja kuona injini yangu."

Mzee alizunguka mji mzima akirudisha. Dinamo aliing'oa kwenye Anglia ya Bwana Mikate asubuhi, mikate ikiwa ndani bado ya moto, ikabidi isambazwe kwa mkokoteni. Akavipeleka vyote Usenge, akavifunga kila kimoja mahali pake. Gari halikuwaka, wala halikuwa na matumaini ya kuwaka. "Lilibaki limekufa vilevile," anasema Bwana Mikate, "lakini sasa limekufa zima." Anasema tangu siku hiyo mzee hakugusa nati kabla ya mwenyewe kusema kwa mdomo wake. Mzee alipoisikia hadithi hii alisema si hivyo, sheria ilikuwapo kabla, siku hiyo ni yeye aliivunja. Sijui nani mkweli. Zote mbili zinaweza kuwa kweli, nikifikiri.

Kumbe na yeye alikuwa na gari. Hilo wageni hawakulijua, maana lilikuwa nyuma kabisa ya wodi, limefunikwa turubai: Moris Maina ya kijani, bodi safi, injini ikinguruma vizuri ukiiwasha. Ilikosa gia boksi. Alikuwa nayo wakati mmoja, aliipata mahali fulani huko Bondo, akaiosha, akaipaka oili, akaiweka chini ya gari tayari kufungwa. Wiki hiyohiyo gari la sista likavunjika gia. Sista alikuja na maiti kwenye mkokoteni. Mzee akaisikiliza kwa muda mrefu kuliko kawaida. Halafu akaingia nyuma, akaitoa yake.

"Na yako, Mzee?" nilimuuliza.

"Yangu itangoja. Yeye ana wagonjwa."

Yangu itangoja. Hayo maneno niliyasikia mara nyingi kupitia matundu. Ilingoja taa, ikangoja radieta, kila ilipopata kitu akaja mtu mwenye shida. Lakini ile gia boksi ndiyo haikupatikana tena. Mke wake, aliyekaa nyumbani kwao Usenge, alikuja mara kwa mara na kukuta kitanda kimelaliwa na vyuma. Alikuwa mama wa maneno. "Siku akifa," aliniambia, "wataniuliza nizike yupi, yeye au radieta." Alisema mzee alimwahidi kwamba gari likimalizika atampeleka nalo nyumbani, mchana, barabara kuu, madirisha yamefunguliwa. "Nilikuwa na meno yote wakati ananiahidi."

Mimi pia nilikuwa ndani ya ahadi hiyo. Mzee alikuwa amechagua kwangu roli la ngozi bandia, nyekundu iliyoiva, akalishika akaligeuza geuza juani. "Hii," akasema. "Siku gia boksi ikiingia, wewe unakata viti." Nikaliweka juu ya rafu. Wengi walilitaka. Niliwaambia ni la mzee, wakaniuliza mzee gani anangojewa na roli miaka yote hiyo. Nilijiuliza hivyohivyo, nikilipangusa vumbi.

Ndipo likapatikana lile gari la Asembo Bay. Moris, rika moja na lake. Mwenyewe alikuwa amefariki. Injini ilikuwa imetolewa kabla hajafa, ikapelekwa kwa fundi fulani ikapotelea huko, lakini gia boksi ilikuwa ndani, kavu, nzima. Mzee alirudi macho yakimeta. Alikuwa amekutana na mjane, mama aliyeuza dagaa wa omena pale ufukweni, naye alimwita jaduong', mzee kwa Dholuo, akamjibu jambo moja tu: "Jaduong', chuma hakijagawanywa."

Kwa asiyejua desturi yetu: mtu akifa, vitu vyake havichukuliwi ovyo. Jembe, baiskeli, nyavu, kiti, vyote vinangoja siku ambayo wazee na watoto wanakaa na kuvigawa, na kabla ya siku hiyo mtu mwenye adabu hagusi hata kisu. Kifungua mimba wa boma lile alikuwa Mombasa na hakuonekana. Bila yeye hakuna kugawa.

"Nitangoja," alisema mzee.

Lakini gari likingoja juani kando ya ziwa huliwa. Kwa hiyo alianza kwenda Asembo kulitunza. Hakugusa gia boksi, hakufungua nati hata moja. Aliliinua juu ya mawe ili lisikae kwenye matope. Akaziba bomba la moshi nyuki wasiingie. Akalipaka grisi kila penye kiungo, akalijengea paa la mabati. Miaka ikapita hivyo. Mjane akazoea kumwekea omena za kukaanga, naye akarudi ananukia samaki, paka wa Kibuye wakimfuata mpaka wodini.

Mwishowe yule kifungua mimba alirudi. Siku ya kugawa tulikwenda watatu kwa Anglia: mzee, Bwana Mikate, na mimi na futi yangu shingoni, maana mzee alisema nikapime viti vya gari lile ili nijue vya lake vitakaaje. Kwa kweli nafikiri alitaka mashahidi wa furaha yake. Alikuwa amenyoa.

Ziwa siku hizo lilikuwa limefungwa na magugu maji. Tulipofika ufukweni hukuona maji, uliona shamba la kijani mpaka mbali, na mashua zimekwama ndani yake kama ng'ombe kwenye majani. Mashua zilizotoka kuvua hazikuweza tena kushukia pale, zilishukia mbali upande mwingine, na wanawake waliuendea mzigo kwa miguu, mabeseni kichwani. Niliwaona wakirudi. Mjane alikuwa mmoja wao, alifika kwenye mgawo wa vitu vya mume wake shingo ikiwa imelowa maji ya omena.

Wakagawa. Nyavu kwa huyu, baiskeli kwa yule. Gari likaangukia kifungua mimba. Naye akasema, "Mimi naishi Mombasa. Hiyo gari, mama ndiye aseme."

Mzee akasimama mbele ya mjane. Akavua kofia. Sauti yake ilikuwa laini kuliko nilivyowahi kuisikia.

"Mama, sema."

Mjane aliliangalia gari. Liling'aa. Sisemi kwa kupamba, liling'aa kweli, grisi na chuma safi na paa lake juu.

"Kwani imekufa?" akauliza.

"Haina injini, Mama."

"Nakuuliza, Jaduong'. Wewe umekuja hapa miaka yote ukiipaka mafuta kama mtoto mchanga. Umeijengea nyumba. Mimi nyumba yangu mwenyewe inavuja. Kuna mtu anatunza maiti hivyo?" Akajipangusa shingo. "Mimi nikiiangalia naona gari ya kubeba omena. Siwezi kusema imekufa. Nitakuwa nadanganya mbele ya watu."

Wazee wakacheka. Bwana Mikate akaangalia viatu vyake. Mzee akarudisha kofia kichwani, akasema, "Mwenyewe hajasema," tukaondoka. Sikuwa nimepima kiti hata kimoja.

Tukakaribia Kisumu. Hapo akasema, "Nimejinyima mimi mwenyewe kwa grisi yangu mwenyewe." Sikujua kama nicheke. Bwana Mikate akacheka, na mzee akamtukana mpaka Kibuye.

Baada ya msimu mmoja mjane alikuja mjini. Niliwasikia kupitia mabati, nisijifanye kwamba sikusikiliza. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alisema mabega yamekwisha, wanunuzi hawangoji, na kwamba ameuliza kila fundi mpaka Bondo, injini ya Moris iliyo hai anayoisikia ikitajwa ni moja.

"Ni yangu," mzee alisema.

"Najua ni yako. Ndiyo maana nimekuja kwako, sikuja kwa mwizi."

"Na wewe una gia boksi yangu."

"Ninayo. Ukitaka kweli, nitasema lile neno sasa hivi, uichukue. Nitalisema hata kama si kweli, kwa sababu ya ile grisi. Lakini niliona nikuulize kwanza."

Nilisikia spana ikiwekwa chini.

"Usiseme," alijibu mzee. "Neno la hivyo halina kazi."

Mjane akaenda zake. Bwana Mikate alipopata habari alikuja akiwa na unga mikononi, akasimama katikati ya uwanja. "Safari hii kataa, Mzee. Umetupa sisi sote. Mama watoto anangoja Usenge na hana meno. Kataa mara moja tu, tukuone!" Mzee akarudi wodini. Na mimi, nikipima, niliona Bwana Mikate ana haki, na mjane ana haki, na magari yalikuwa mawili lakini uhai uliokuwapo ulitosha moja tu. Sikuona njia ya kuukata katikati. Mkasi wangu haukati vitu hivyo.

Yakapita majuma. Asubuhi moja aliniita kutoka ng'ambo ya mabati.

"Nyar Seme. Njoo na mkasi."

Nilimkuta amevuta turubai. Moris ya kijani ilikuwa imesimama kwenye mwanga, nami nikagundua kwamba sikuwa nimewahi kuliona gari lote kwa mara moja, daima kipande tu. Alikuwa amezeeka, mzee wetu. Kofia ilimkaa kubwa. Spana zilikuwa zimepangwa juu ya gunia, na jeki ilikuwa chini ya gari, bado haijainuliwa.

"Injini inakwenda Asembo," alisema. "Taa pia, zake zimeoza. Mlango mmoja kwa Bwana Mikate, amesema hautaingia kwenye Anglia, nitamwonyesha unavyoingia. Nataka vitambaa."

"Vya rangi gani, Mzee?"

"Hapa kwetu hatujawahi kuwa na rangi."

Ilikuwa kweli. Vyuma vyote vilitoka mahali pengine. Akainama kuchukua spana, akaishika, akaisogeza kwenye nati ya kwanza. Ndipo nikamwona akikwama. Mkono ulikuwa pale, spana imeshika nati vizuri, na haukugeuka. Akaondoa, akaipangusa spana isiyo na kitu, akairudisha. Ikakwama tena.

Nilielewa, au nafikiri nilielewa. Nikaogopa, maana yeye ni mzee na mimi si mtu wa kumwambia neno kama lile. Lakini hapakuwa na mwingine.

"Mzee," nikasema. "Sema."

Alinigeukia ghafla, nikafikiri atanitukana. Hakunitukana. Aliliangalia gari, boneti, taa, kiti cha mbele kilichobaki na springi tupu kikingoja ngozi yangu. Aliligonga mara moja kwa kidole kilichokunjwa na kuinamisha sikio. Sijui alisikia nini. Aliinama hivyo mpaka jogoo wa jirani alipowika na kunyamaza.

"Imekufa," akasema.

Kisha spana ikageuka.

Nilirudi kwenye kibanda changu, nikapanda kiti, nikateremsha lile roli jekundu kutoka kwenye rafu. Nililikunjua juu ya meza. Nikamwita kupitia matundu, nikamuuliza vitambaa viwe na upana gani.

"Vya vidole viwili," akajibu, akiwa chini ya gari. "Kata vingi."